Nyuki wa Uani Katika Nchi ya Theluji

Inver Grove Heights ni mji wa zaidi ya watu 35,000 katika kaunti ya Dakota, jimbo la Minnesota, kwenye ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, kusini kidogo ya Saint Paul. Upande wa mtoni nyumba zimesogeleana; kusini na magharibi bado viko viwanja vikubwa vyenye vidimbwi, vichaka na mabaki ya mashamba ya zamani. Uani kwa baadhi ya nyumba hizo hupangwa masanduku ya mbao, moja juu ya jingine, mlango ukielekezwa kusini au mashariki ili jua la asubuhi liwaamshe wakazi wake mapema. Ni mizinga ya watu ambao riziki yao inatoka kwingine. Asali wanayorina huliwa nyumbani, hugawiwa majirani, na inayobaki huuzwa kwa chupa chache. Kinachowasumbua wafugaji hao si namna ya kupata asali, kwa kuwa kiangazi kifupi cha huko kina maua tele. Kinachowasumbua ni kuwavusha nyuki katika baridi inayochukua karibu nusu ya mwaka, na historia yote ya ufugaji wa nyuki katika Miji Pacha ya Minneapolis na Saint Paul imezunguka tatizo hilo.

Nyuki wa asali si mwenyeji wa bara hilo. Minnesota ina zaidi ya aina 400 za nyuki wa asili, lakini hakuna hata aina moja inayoweka akiba ya asali ya kutosha kurinwa. Wadakota, wenye nchi hiyo kabla ya walowezi, walipata utamu wao kwenye utomvu wa miti ya mepo, uliogemwa theluji inapoanza kuyeyuka na kuchemshwa hadi kuwa sukari. Nyuki wa Ulaya walishushwa Virginia mwaka 1622, wakiwa wamevushwa bahari kutoka Uingereza. Baada ya hapo hawakuhitaji kubebwa kila mara. Makundi yalijigawa, yakaingia katika matundu ya miti, yakaanza kusogea magharibi mbele ya walowezi wenyewe. Thomas Jefferson, alipoandika juu ya Virginia katika miaka ya 1780, alieleza kwamba wenyeji walipomwona nyuki huyo walijua makazi ya Wazungu yanakaribia.

Kwa upande wa Inver Grove, mlango ulifunguliwa na mkataba wa Mendota wa tarehe 5 Agosti 1851, ambao Wadakota walitia saini wakiwa wamebanwa kila upande, na ardhi ya magharibi ya Mississippi ikawa wazi kwa walowezi. Waliofika hapo wengi wao walikuwa Waayalandi na Wajerumani. Mwaka 1858, mwaka uleule Minnesota ilipokuwa jimbo, kata yao ilisajiliwa na kupewa jina la Inver, mahali walikotoka baadhi yao huko Ayalandi. Nyuki waliingia Minnesota katika kipindi hichohicho, wakiwa sehemu ya mizigo ya familia pamoja na kuku na mbegu za viazi.

Mizinga ya wakati huo ilikuwa vikapu vya majani makavu au masanduku ya mbao yasiyo na kitu ndani. Nyuki walijenga masega yao wakiyagandisha darini na ubavuni, kwa hiyo aliyetaka asali alilazimika kubomoa. Desturi ya Ulaya, iliyohamia Marekani bila mabadiliko, ilikuwa kuchagua vuli mizinga mizito kuliko yote na ile miepesi kuliko yote, kisha kuwafukiza nyuki kwa moshi wa kiberiti hadi wafe. Mizito iliuawa kwa sababu ya asali yake, na miepesi kwa sababu isingemaliza baridi. Ya katikati iliachwa ijaribu bahati yake. Msomaji wa Tabora au Kigoma anayeujua mzinga wa gogo ataona hesabu hiyo kuwa ya ajabu, maana mrinaji wa miombo hukata masega na kuwaacha nyuki hai, wakaanza upya au wakahama. Lakini nyuki wa miombo hakabiliwi na miezi mitano isiyo na ua hata moja.

Desturi hiyo ilivunjwa na mchungaji wa kanisa. Lorenzo Langstroth, mzaliwa wa Philadelphia, aligundua mwaka 1851 kwamba nyuki huacha wazi nafasi ya kupita ya kiasi cha milimita 6 hadi 9. Nafasi ikiwa ndogo zaidi wanaiziba kwa gundi yao. Ikiwa kubwa zaidi wanajenga sega. Akatengeneza sanduku lenye fremu zinazoning'inia, kila upande wa fremu ukiwa na nafasi hiyo hasa, na fremu zikawa zinatoka na kurudi bila kubomoa chochote. Hataza yake ilitolewa tarehe 5 Oktoba 1852, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha kuufafanua mzinga huo. Hataza haikumtajirisha, kwa sababu mafundi kila mahali waliuiga mzinga wake bila kumlipa. Mizinga inayosimama leo katika nyua za Inver Grove Heights ni ileile ya Langstroth, iliyobadilishwa kidogo sana.

Mambo mawili mengine yalikamilisha kazi. Mjerumani Johannes Mehring alibuni mwaka 1857 namna ya kupiga chapa karatasi ya nta yenye alama za vyumba, ili nyuki waanze kujenga kutoka msingi ulionyooka. Mwaka 1865 Franz von Hruschka alionyesha mashine ya kuzungusha masega hadi asali itoke bila sega kuvunjika. Kwa nchi ya baridi hilo la pili lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana. Nyuki hutumia asali nyingi kutengeneza nta kidogo, na Minnesota mtiririko mkubwa wa mbochi ni wa majuma machache tu, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mapema Agosti, wakati miti ya tilia na klova vinapochanua. Kundi linalorudishiwa masega yake matupu hujaza asali mara moja. Linaloanza kujenga upya hukuta maua yamekwisha.

Fremu zilitatua tatizo la kurina, lakini la baridi lilibaki. Januari katika Miji Pacha wastani wa joto uko nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na usiku mwingine hushuka chini ya -25 °C. Nyuki wa asali halali usingizi wa baridi kama wafanyavyo wadudu wengi. Kundi lote hujikusanya likawa donge, malkia katikati, na nyuki hutetemesha misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe ili kuzalisha joto. Wa nje huingia ndani na wa ndani hutoka nje kwa zamu. Kuni za moto huo ni asali. Nyuki wa kiangazi huishi kama majuma sita. Wale wanaozaliwa vuli, walionenepeshwa kwa chavua ya mwisho, wanaweza kuishi miezi sita. Wataalamu wa serikali E. F. Phillips na George Demuth walipima joto la donge hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1914, ndiyo yaliyowaeleza wafugaji kwa mara ya kwanza kinachotokea ndani ya sanduku lililofunikwa na theluji.

Kabla ya hapo wafugaji wa kaskazini walikuwa na jibu lao: ghala la chini ya nyumba. Mizinga ilibebwa Novemba na kupangwa gizani kando ya viazi na karoti, mahali ambapo joto halikupanda wala kushuka sana, kisha ikatolewa mierebi ilipoanza kutoa chavua majira ya kuchipua. Njia hiyo ilifaa kwa mkulima mwenye mizinga michache na ghala kubwa. Hewa ilipokuwa nzito au ghala lilipopata joto kabla ya wakati, nyuki walifadhaika, wakala asali kupita kiasi na kuchafua mzinga, kwa kuwa kwa kawaida nyuki hujizuia miezi mizima hadi siku yenye jua la kutosha kuruka nje na kujisaidia.

Elimu ya jambo hili ilipata makao ng'ambo ya mto, katika shamba la Chuo Kikuu cha Minnesota upande wa Saint Paul, mwendo usiozidi sana nusu saa kwa gari kutoka Inver Grove Heights. Aliyeianzisha alikuwa padri. Francis Jager alikuwa Mslovenia, aliyehudumu parokia ya St. Bonifacius, magharibi ya Minneapolis. Slovenia ndiyo nchi ya Anton Janša, aliyeteuliwa katika karne ya 18 kuwa mwalimu wa kwanza wa ufugaji wa nyuki katika utawala wa Habsburg mjini Vienna, na ambaye siku yake ya ubatizo, tarehe 20 Mei, ndiyo inayoadhimishwa leo kama Siku ya Nyuki Duniani. Jager alikulia katika utamaduni ambao mzinga nyuma ya nyumba ulikuwa kitu cha kila familia, mwenye mali na asiye nayo, na katika muongo wa 1910 akapewa nafasi ya kufundisha ufugaji wa nyuki chuoni. Nyuki wa kwao, wa Karniola, wapole na wenye kula akiba yao kwa uangalifu wakati wa baridi, bado ni miongoni mwa wanaopendwa na wafugaji wa Minnesota.

Aliyemfuata, Maurice Tanquary, alikuwa ameonja baridi kuliko nyuki yeyote. Kabla ya kuja Minnesota alikuwa mtaalamu wa wanyama katika msafara wa Crocker Land uliokwenda kaskazini mwa Greenland mwaka 1913, na barafu ilimharibu vidole vya miguu. Baada yake alikuja Mykola Haydak kutoka Ukraini, aliyefanya kazi chuoni na kufariki mwaka 1971. Haydak alichunguza chakula cha nyuki. Alionyesha kwamba majana hayakui kwa asali peke yake, yanahitaji protini ya chavua, na akatunga mchanganyiko wa unga wa soya, hamira na maziwa makavu wa kuwalisha nyuki chavua inapokosekana. Hakuishia kwa nyuki: aliwahi kujilisha maziwa na asali kwa miezi kadhaa ili aone mwili wa binadamu utasema nini. Mwili ulidai vitamini C.

Wakati maprofesa wakipima na kuandika, wafugaji wengi wa kaskazini walikuwa wamepata njia ya mkato. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wafugaji wa majimbo ya kusini walianza kuuza nyuki ndani ya visanduku vya wavu, kilo moja na zaidi ya nyuki pamoja na malkia katika kijumba chake, wakisafirishwa kwa reli. Sheria ya mwaka 1922, iliyozuia kuingiza nyuki kutoka nje ya nchi kwa hofu ya magonjwa ya Ulaya, iliipa biashara hiyo ya ndani nguvu zaidi. Hesabu ikawa rahisi: kununua pakiti Aprili, kurina kila kitu Septemba, na kuwaua nyuki badala ya kuwaachia makumi ya kilo za asali. Kwa maneno mengine, kiberiti kilirudi, safari hii kikiwa na daftari la mapato na matumizi. Kwa mfugaji mkubwa ilikuwa biashara ya kawaida. Kwa mtu mwenye mizinga miwili aliyewatazama nyuki wake kiangazi chote, ilikuwa kazi chungu, na wengi hawakuifanya. Waliwaacha wafe wenyewe kwa baridi, jambo ambalo halikuwa bora zaidi.

Aliyebadilisha hesabu hiyo alikuwa Basil Furgala, aliyechukua kazi chuoni mwishoni mwa miaka ya 1960. Furgala alishikilia kwamba kundi linaweza kuvuka baridi ya Minnesota nje, bila ghala, likiwa na malkia kijana, nyuki wengi, asali ya kutosha juu ya vichwa vyao, na tundu la juu la kutolea unyevu. Sehemu hiyo ya mwisho inashangaza wengi. Adui mkubwa wa nyuki wa baridi ni maji kuliko ubaridi wenyewe: pumzi ya kundi hupanda, inagonga kifuniko baridi, inageuka matone na kuwadondokea. Kundi kavu hustahimili -30 °C. Kundi lililolowa huweza kufa kwa ubaridi mdogo zaidi. Furgala ndiye aliyeandika sura ya maandalizi ya vuli na baridi katika kitabu kikubwa cha mafunzo ya ufugaji nyuki kilichotolewa na kampuni ya Dadant, na mafundisho yake yalienea mbali kupita mipaka ya jimbo.

Kipindi hicho Inver Grove yenyewe ilikuwa inabadilika sura. Kijiji na kata viliunganishwa mwaka 1965 na kuwa Inver Grove Heights. Chuo cha jamii cha Inver Hills kilifunguliwa mwaka 1970, barabara kuu zikapita, mashamba ya maziwa yakakatwa viwanja. Ufugaji wa nyuki uliokuwa kazi ya pembeni ya mkulima ukahamia kwa mtu mwenye ua, gari na ajira mjini, ambaye hakurithi ujuzi wowote kutoka kwa baba yake na alilazimika kujifunza darasani. Mtu wa namna hiyo anamhitaji mwalimu kuliko mkulima alivyomhitaji, na ndiyo sababu chuo cha Saint Paul kilipata wanafunzi wa jioni na wa Jumamosi kila mwaka, pamoja na chama cha wafugaji wa burudani cha jimbo kinachokutana hukohuko chuoni.

Kisha wakaja utitiri. Mwaka 1984 utitiri wa koo la nyuki ulionekana Texas. Mwaka 1987 varroa, mdudu mwekundu wa ukubwa wa kichwa cha pini aliyetoka kwa nyuki wa Asia, alipatikana Wisconsin, jimbo linalopakana na Minnesota. Varroa huingia katika chumba cha jana kabla hakijafungwa, huzaliana humo, humla mtoto wa nyuki mwilini na kumwambukiza virusi vinavyokunja mabawa. Nyuki wanaozaliwa vuli, wale wanaotakiwa kuishi miezi sita, ndio wanaoathirika zaidi kwa sababu idadi ya utitiri hufika kilele Agosti na Septemba. Kwa hiyo kundi linaloonekana imara Oktoba huweza kuwa konzi ya nyuki waliokufa ifikapo Januari, juu yao asali tele ambayo hakuna wa kuila. Mfugaji wa zamani aliyeacha mzinga ujiendeshe hakuweza tena kufanya hivyo. Wengi waliacha.

Mwaka 1993 chuo kilimwajiri Marla Spivak. Alikuwa amepata shahada ya uzamivu Kansas kwa utafiti wa nyuki wenye asili ya Afrika waliofika Costa Rica, na hapa historia inagusa Tanzania kwa njia isiyotarajiwa. Nyuki hao walianzia Brazili, ambako Warwick Kerr aliingiza malkia mwaka 1956 kutoka Afrika Kusini na kutoka Tabora kwa lengo la kupata nyuki wanaozalisha zaidi katika joto. Makundi 26 yalitoroka mwaka 1957, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya na kupanda kaskazini hadi Marekani yenyewe. Hawakufika Minnesota, kwa kuwa baridi huwazuia. Nyuki aliyezoea kuhama mvua zinapokatika hajafundishwa kujibana miezi mitano.

Spivak alijenga juu ya kazi ya Walter Rothenbuhler wa Ohio, aliyeonyesha mwaka 1964 kwamba baadhi ya nyuki wana tabia ya kurithi ya kunusa jana lililougua, kufungua chumba chake na kulitupa nje kabla ugonjwa haujaambukiza wengine. Namna ya kulipima kundi ni rahisi kueleza: kipande cha sega lenye majana yaliyofungwa hugandishwa kwa naitrojeni ya majimaji, kisha huhesabiwa vyumba vilivyosafishwa baada ya saa 24. Kundi linalosafisha asilimia 95 na zaidi hupasishwa. Malkia wa makundi ya namna hiyo walizalishwa na kusambazwa kwa jina la Minnesota Hygienic, na wakanunuliwa nchi nzima. Mwaka 2010 Spivak alitunukiwa tuzo ya MacArthur. Baadaye aliacha kuzalisha ukoo huo mwenyewe na kuwahimiza wafugaji wachague nyuki safi katika maeneo yao. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu ukoo unaotunzwa mahali pamoja huishia kuwa na damu finyu.

Pamoja na mwenzake Gary Reuter, Spivak aliandaa kozi na kitabu cha ufugaji wa nyuki kwa nchi za baridi, na wafugaji wengi wa uani katika Miji Pacha wamepitia hapo. Mfumo wao ni wa masanduku matatu makubwa. Mwaka wa kwanza pakiti hukua hadi kuyajaza, na la juu hubaki na kilo 36 hadi 40 za asali kama akiba ya baridi. Mwaka wa pili, Mei, kundi lililovuka hugawanywa mawili. Mgawanyo huo huzuia nyuki kutoka bumba na kwenda kuning'inia kwenye mti wa jirani, na humpa mfugaji malkia mpya bila kununua pakiti nyingine. Mtu aliyeumudu mzunguko huo hatoi tena pesa kwa nyuki wa kusini.

Vuli ya mwaka 2006 mfugaji mmoja wa Pennsylvania, David Hackenberg, aliyehamishia mizinga yake Florida, aliikuta mingi ikiwa na malkia, majana na asali, lakini nyuki watu wazima wametoweka. Habari ilisambaa, na kutoweka kwa nyuki kukawa jambo la magazeti. Uchunguzi wa miaka iliyofuata haukupata mkosaji mmoja. Ulitaja varroa, virusi, viuatilifu na njaa ya maua kwa pamoja, na hasara za baridi nchini Marekani zikawa zinakaribia theluthi ya makundi katika miaka mingi. Jambo ambalo halikutabiriwa ni kwamba hofu hiyo iliwaleta wafugaji wapya kwa wingi. Mtu aliyesikia nyuki wanakufa alitaka kuwa na mzinga wake.

Sheria za miji zikalegezwa. Minneapolis, iliyokuwa imepiga marufuku mizinga kwa zaidi ya miaka 30, iliiruhusu mwaka 2009, kwa masharti yaliyojumuisha mafunzo, maji ya kunywa ya nyuki na saini za majirani. Masharti ya majirani yalipunguzwa baadaye, kwa kuwa jirani mmoja mwenye hofu alitosha kuharibu mpango wa mtaa mzima. Miji ya pembezoni ina sheria zake ndogo za viwanja na mifugo, kila mmoja na zake, kwa hiyo mkazi wa Inver Grove Heights huanzia ofisi ya mji kabla ya kuagiza nyuki. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 maabara ya chuo iliunda kikosi kinachowatembelea wafugaji wa mijini, kuwakagulia mizinga na kuwafundisha papo hapo, na mwaka 2016 ikahamia jengo jipya lililojengwa kwa ajili ya nyuki tu.

Mwaka wa mfugaji wa uani sasa unaenda hivi. Pakiti hufika Aprili, mara nyingi kutoka California, nyuki kama 10,000 katika sanduku la kilo moja na theluthi hivi pamoja na kopo la maji ya sukari. Humwagwa mzingani jioni kukiwa na ubaridi kidogo, malkia akifungiwa kijumbani siku kadhaa ili wamzoee. Mierebi na mepo hutoa chavua ya kwanza, dandelioni hufuata Mei, na kwa sababu hiyo wafugaji huchelewesha kukata majani ya bustani. Juni masanduku ya asali huongezwa juu. Anayekagua hufukiza moshi kidogo kwa bomba lake, hutoa fremu moja baada ya nyingine na kutafuta mayai. Akiyaona hahitaji kumtafuta malkia. Julai, tilia ikichanua, sanduku moja linaweza kujaa ndani ya wiki moja, na asali yake ina harufu kali inayokaribia mnanaa.

Kurina huangukia Agosti. Fremu iliyozibwa nta sehemu kubwa iko tayari, maana nyuki hawafungi chumba hadi maji ya asali yashuke chini ya asilimia 18.6 au karibu na hapo. Asali yenye maji zaidi huchacha. Nyuki hufagiliwa kwa brashi au husukumwa chini kwa ubao wa njia moja uliowekwa siku moja kabla. Kisha fremu hupelekwa jikoni au gereji, madirisha yakifungwa kikamilifu, kwa kuwa nyuki waliosikia harufu watakuja kudai mali yao. Nta ya juu hukatwa kwa kisu cha moto, fremu huingizwa kwenye pipa la kuzungushwa kwa mkono, asali huchujwa na kuachwa itulie. Mashine hizo ni ghali kwa mtu wa mizinga miwili, kwa hiyo huazimwa au hununuliwa kwa ushirika. Wastani wa jimbo katika miaka ya karibuni ni kati ya kilo 20 na 30 kwa mzinga, na mfugaji wa uani mwenye bahati ya mvua hupata zaidi. Sehemu ya mavuno huishia kwenye maonyesho ya jimbo, ambayo tangu 1885 hufanyika katika viwanja vyake vya kudumu kati ya Minneapolis na Saint Paul, ambako asali hushindanishwa kwa rangi, uwazi na unyevu.

Wakati jirani anadhani kazi imekwisha, sehemu ngumu ndiyo inaanza. Nyuki 300 hivi huoshwa kwa alkoholi ili utitiri wao uhesabiwe, na wakizidi kiwango mzinga hutibiwa mara moja kwa asidi ya fomiki au thimoli. Asidi ya oksaliki hungoja mwisho wa vuli kusipokuwa na majana. Kundi jepesi hulishwa maji mazito ya sukari kabla Oktoba haijafika. Panya huzuiwa mlangoni, mzinga hufungwa karatasi ya lami au boksi jeusi linalovuta jua, na ubao wa kunyonya unyevu huwekwa juu. Kuanzia hapo hadi Machi mfugaji hana la kufanya zaidi ya kutega sikio ubavuni.

Ongezeko la mizinga limeleta mjadala mpya, na si wa baridi tena. Nyuki bambi mwenye doa la kutu mgongoni, aliyeingizwa mwaka 2017 katika orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini, bado anaonekana katika Miji Pacha kuliko sehemu nyingi, na mwaka 2019 Minnesota ilimtangaza kuwa nyuki wa jimbo. Yeye na mamia ya jamaa zake wanagawana maua yaleyale na nyuki wa asali, ambaye ni mifugo sawa na kuku na hana hatari ya kutoweka duniani. Mwaka huohuo wa 2019 jimbo lilianza kuwalipia wakazi sehemu ya gharama za kugeuza bustani za nyasi kuwa bustani za maua ya asili na klova. Ushauri unaotolewa leo kwa anayetaka kuwasaidia nyuki ni kupanda maua kwanza. Anayetaka asali, naye, hujiandikisha kwenye kozi wakati theluji ingali chini, na huweka oda ya pakiti kabla ya Februari kwisha, kwa sababu wauzaji wengi huwa wamemaliza nafasi kabla ya dandelioni ya kwanza kufunguka.